Kitabu Kilichoanikwa Katoro

Soko la Katoro siku ya mnada halina adabu. Spika za wauza dawa za panya zinapigana na spika za wahubiri, bodaboda zinapita katikati ya mafungu ya nyanya, na mtu akikukanyaga anakulaumu wewe kwa kuwa na miguu. Hapo ndipo Mbuke alipofunga kamba kati ya nguzo mbili akaanika kitabu.

Ndiyo, alikianika, kwa vibanio vya nguo. Mbuke alikuwa mchapishaji asiye na bosi wala mfadhili, mwenye vyumba viwili mjini Shinyanga. Kazi yake ilikuwa kuchukua riwaya za zamani, zile walizosoma wazazi wetu shuleni, na kuzigeuza hadithi za picha. Kabla kitabu hakijaenda kuchapwa, alikipeleka sokoni ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa uliowasimamisha watu ulibaki kwenye kamba. Uliopitwa aliubandua, akaukunja, akautia mfukoni bila huruma.

Siku hiyo alivaa jinzi na blauzi ya kitenge cha njano, hereni kubwa zikining'inia. Mwanaume mmoja mwenye mabuti ya mpira na shati lililojaa vumbi jekundu alisimama mbele ya ukurasa mmoja, akacheka.

"Dada, huyu hajafa."

"Amekufa," Mbuke alimjibu kwa ukali. "Kaka yake kamsukuma kisimani."

"Aliyeanguka shimoni halali hivi. Huyu kashiba ugali, kajipumzisha."

Akajibwaga chini palepale, mkono umekunjika chini ya mgongo, shingo imepinda, macho wazi. Muuza dagaa akapiga ukunga. Kisha yule mwanaume akainuka, akaokota kipande cha mkaa kwenye jiko la mchoma mahindi, akamchora maiti upya nyuma ya ukurasa. Watu wakajaa.

"Unaitwa nani?" Mbuke aliuliza.

"Jilala. Mchimbaji."

"Ulikuwa mchimbaji. Kuanzia leo wewe ni mchoraji wangu."

"Wako?" Jilala alitabasamu, meno meupe kwenye uso wa vumbi. "Hata salamu hatujapeana, tayari wako?"

Alikuwa wake kabla masika hayajaisha. Alihamia Shinyanga, akapanga chumba, akajifunza kalamu na wino, na mchana Mbuke alikaa akimtazama badala ya kufanya kazi. Walikuwa wakiachana jioni, simu inalia.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Muuaji umemchora?"

"Mimi nakuuliza chakula, wewe unaniuliza muuaji!"

"Bila muuaji hatuna kitabu, mpenzi."

Kweli hawakuwa nacho. Jilala alikuwa amechora kila kitu, kisima, ng'ombe, damu kwenye majani, lakini uso wa yule kaka muuaji aliuacha mweupe kila ukurasa.

"Mchore mtu unayemwogopa," Mbuke alimwambia.

Asubuhi uso ulikuwa mezani. Mdomo wenye kovu, jicho la kushoto limelegea nusu, jino la dhahabu. Mbuke aliogopa, akafurahi, akambusu mchoraji wake mbele ya Mwamvua, rafiki yake aliyeandika maneno kwenye picha. Jilala hakucheka.

Nikwambie mapema, msomaji, maana Mbuke alichelewa kujua. Uso ule haukubuniwa. Ulikuwa wa Nkwabi, mwenye duara moja kule Katoro, yaani shimo la dhahabu. Ndani ya duara hilo Nkwabi alimsukuma Abel, kaka yake Jilala, kwa sababu ya ubishi wa mawe ya dhahabu, kisha akatangaza kwamba Abel kaiba kakimbilia Mwanza. Jilala aliona. Lakini yeye alikuwa na macho tu, na Nkwabi alikuwa na watu wenye mapanga.

"Jumamosi tunaanika Katoro," Mbuke alisema kwenye simu.

"Tuanike Isaka, kwa madereva wa malori."

"Katoro ndiko tulikokutana, Jilala!"

"Katoro siendi. Na wewe usiende."

"Kwani kuna nani Katoro?"

"Hakuna mtu."

"Huyo hakuna mtu anavaa gauni?"

Jilala akakata simu. Na wivu ni mshauri wa hovyo: Jumamosi alfajiri Mbuke alimchukua Mwamvua wakapanda basi kimyakimya.

Kurasa zilipotundikwa, watu walikuja wakicheka, wakafika kwenye ule uso, wakanyamaza. Mbuke hakuwahi kusikia soko lile likinyamaza.

"Si Nkwabi huyu?" mtu alinong'ona.

"Na wa shimoni ni Abel, kaka yake Jilala. Mama yangu! Ni Abel kabisa."

Hapo Mbuke akaelewa yote kwa mkupuo, akaanza kubandua kurasa. Alikuwa bado anabandua pale mapanga ya watu wa Nkwabi yalipokata kamba. Mwamvua alipigwa ubapa wa panga kichwani, mtandio wake mweupe ukalowa damu. Mbuke alivutwa nywele mpaka chini, akapigwa teke la mbavu, na alipofumbua macho aliona jino la dhahabu, la kweli safari hii.

"Nani kachora?" Nkwabi aliuliza.

Angeweza kusema. Nusu ya soko ilijua jina.

"Mimi," Mbuke alisema.

"Uweke huo mkono hapa." Akaonyesha jiwe. Mkononi alishika nyundo ya kuvunjia mawe.

"Huyo hata kuku hajui kuchora!"

Ilikuwa sauti ya Jilala. Alikuta ofisi imefungwa na kamba haipo, akapanda gari la kwanza. Alipita katikati ya mapanga akihema, akapiga goti, akamwondoa Mbuke, akaweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe mwenyewe.

"Mchoraji ni mimi. Nimechora nilichoona."

Nyundo ilishuka. Mbuke alisikia mifupa ikivunjika, kisha nyundo ikashuka tena, na yeye akazamisha meno kwenye kifundo cha mguu wa Nkwabi, akang'ata hadi akaonja damu. Muuza dagaa akatupa jiwe la kwanza. Baada ya hapo soko zima likaamka. Wenye mapanga walikimbia, na Nkwabi akaangushwa, akapigwa magongo, mawe, viatu. Mtu mmoja alikuja akiviringisha tairi la kumchomea.

"Msimuue!" Jilala alipiga kelele, akamlalia mtu aliyemchukia kuliko wote duniani, mawe yakimpiga yeye mgongoni. "Aishi! Aseme mbele ya polisi Abel yuko wapi!"

Polisi walimkuta Nkwabi hai, kwa shida.

Hospitalini, Jilala aligeukia ukutani.

"Nilikuambia usiende."

"Ungeniambia kwa nini!"

"Ungeniuliza kama mtu, si kama askari. Nenda, Mbuke."

Akaenda. Alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, haukujibiwa. Mwamvua, kichwa kikiwa na bandeji, alimwambia, "Shoga, kula basi," na Mbuke alilia juu ya sahani. Alimpenda Jilala, na yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka kwenye nyundo.

Kisha redio ikatangaza kwamba mabaki ya mtu yametolewa kwenye duara Katoro. Mazishi yalikuwa Samuye, kijijini kwao Jilala. Mbuke alivaa kanga nyeusi, akaenda bila kualikwa, akaketi chini na wanawake.

"Shikamoo, Mama Abel."

"Marahaba." Mama mtu alimsogezea mkeka. "Ndiwe wewe wa kitabu?"

"Ni mimi, mama."

"Wabeja, nakushukuru, mwanangu. Sasa nina kaburi." Akamwelekeza kwa kidevu. "Yuko nyuma ya nyumba. Nenda, amekuwa mtu wa kununa tu."

Jilala alikaa chini ya kamba ya nguo, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko.

"Nisamehe," Mbuke alisema.

"Na mimi nilikuficha. Ningekuambia, ungekianika siku hiyohiyo."

"Ningekianika," Mbuke alikiri, na Jilala akacheka hadi mbavu zikamuuma.

"Mkono huu hautachora tena, daktari kasema. Najaribu wa kushoto." Akamnyooshea karatasi.

Mbuke aliitazama. Mistari ilikuwa imepinda, miguu kama vijiti.

"Kuku ana hereni?"

"Ni wewe."

"Mimi!"

"Ni mke wangu. Akikubali."

Jilala aliitazama mikono ya Mbuke, kwa sababu aliijua: karatasi mbaya huikunja, huitia mfukoni. Mbuke alisimama na ile karatasi mkononi, machozi yakimdondoka. Kisha akachomoa kibanio kwenye kanga iliyokwisha kukauka, akauanika ukurasa ule katikati ya kamba ya mama mkwe wake.