Mawe ya Kuzuilia Magurudumu

Jumatatu ile ilianza kama Jumatatu nyingine yoyote katika yadi ya Bwana Rademann pale Morogoro: umande kwenye majani, kuku chini ya lori, na Fundi Stambuli akisomewa barua. Barua za Bwana Rademann zilikuwa nyingi kuliko madini ya ulanga aliyoyachimba mlimani. Kulikuwa na barua ya namna ya kuosha lori, na barua ya namna ya kumsalimu mtu atakayekuja kukagua lori lililooshwa. Mwaka huo wa 1913 akatoa kubwa kuliko zote, Kanuni za Hatari, ishirini na mbili kamili, zikimweleza dereva afanye nini breki zikikataa, gurudumu likiteleza au injini ikizimika kwenye mwinuko. Ya mwisho ilimkataza dereva kufa kabla ya kuvuta breki ya mkono.

Madereva wenyewe walitakiwa wawe vijana wa kati ya miaka kumi na tano na kumi na saba. Sababu ilikuwa imeandikwa: kijana ni mwepesi, na kila ratili ya uzito asiyokuwa nayo mwilini inaweza kuongezwa kwenye mzigo.

Wakapatikana watatu, wakaripoti yadini Jumatatu hiyo. Dominiko na Kasiani walitoka vijiji vya misheni huko juu Uluguru, wote wawili wamezoea kupanda na kushuka na tenga la mboga kichwani. Wa tatu alikuwa Yunusi, mpwa wake Stambuli. Kwa desturi ya kwao mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, lakini dada mwenyewe, Chausiku, hakuwa mtu wa kunyamazishwa na desturi. Alimsindikiza mwanawe mpaka langoni, akamshika kaka yake mkono.

"Ninaye huyu mmoja," akasema. "Ukirudi bila yeye, usipite mlangoni kwangu."

Stambuli akaahidi. Aliahidi kwa wepesi, kama fundi anayeulizwa kama skrubu itakaza.

Na kwa kweli fundi alikuwa fundi. Alikulia Kingolwira, reli ilipofika akatia kuni kwenye gari moshi, kisha akajifunza motokaa Dar es Salaam kwa Mgiriki mmoja aliyefundisha kwa kofi. Yeye hakupiga. Aliwapandisha vijana barabara ya machimbo, akamwaga maji kwenye udongo mwekundu na kuwaambia waendeshe mpaka wateleze. Lori likianza kutupa mkia kuelekea korongoni, kijana yeyote huukata usukani kwa nguvu upande wa pili, na hapo ndipo hufa. Stambuli aliwafundisha kinyume. Usishindane nalo, aliwaambia. Lifuate kwanza linakotaka kwenda, likuone uko pamoja nalo, ndipo ulirudishe polepole. Breki zikikataa, gonga ukingo wa mlima. Mlima utakuvunja meno, korongo halitakuachia hata meno. Injini ikizimika kwenye mwinuko, mmoja aruke na jiwe, alikabe gurudumu la nyuma kabla lori halijaanza kurudi kinyumenyume.

Tatizo lilikuwa jiwe. Barabara ile ilikuwa udongo mtupu. Mawe yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye kona kali kuliko zote, yamerundikwa ukingoni mwa korongo mpaka kimo cha kifua: mawe mazuri, kila moja kama kichwa cha mtu, utadhani Bwana Rademann ameyatolea barua. Stambuli alifurahi kama aliyeokota. Somo la jiwe likawa linafanyiwa hapo. Wakimaliza, jiwe hupigwa teke lisibaki njiani, nalo huporomoka korongoni likigonga huku na huku, tu, tu, tu, mpaka mtoni.

Wiki ya tatu Kasiani akamvuta fundi pembeni. Alieleza kwa aibu, maana padre wao aliwakataza mambo hayo, na kanuni ya pili iliwakataza kubishana na mwalimu. Miaka minne nyuma, wakati bwana mwingine akikata ile kona kwa ajili ya shamba lake la mpira, akina baba wa vijiji vya juu walikimbilia msituni, na nyapara akachukua watoto wao badala yao. Vijana tisa, rika lao hilihili, wamefungwa mnyororo mmoja shingoni. Mmoja aliteleza. Mnyororo ukamaliza kazi. Hakuna aliyeshuka kuwazika. Nyapara aliandika kwamba wametoroka, maana mtoro hahitaji jeneza. Wakapiga kelele huko chini siku mbili. Tangu hapo kila Mluguru apitaye huweka jiwe, hasemi neno, wala hachungulii.

"Ni la kuwakandamiza, Fundi," Kasiani alinong'ona. "Wasipande."

Stambuli alimwuliza kwa sauti ni kanuni ya ngapi hiyo. Dominiko akacheka, Yunusi akacheka, na Kasiani naye ikambidi acheke.

Wiki ya tano Yunusi alipiga jiwe teke kama kawaida. Likaruka ukingo. Wote wanne wakasikiliza kwa mazoea, wakingoja mlio. Haukuja. Ilikuwa kana kwamba mtu kalidaka.

Kuanzia hapo hakuna jiwe lililosikika likifika chini. Wanawake wa mboga wakaiacha barabara, wakarudia njia ya zamani ya miguu, ndefu na yenye miiba. Stambuli alisema ni woga wa lori. Rundo lilikuwa limeshuka mpaka gotini.

Siku ya mtihani ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, manyunyu. Karani wa Bwana Rademann alibaki chini kwenye daraja na karatasi ya alama, kwa kuwa karatasi ilikuwa imechapwa Dar es Salaam na haikuruhusiwa kulowa. Lori lilipanda na magunia kumi ya mchanga. Dominiko aliendesha kwenda juu, akafika kwenye kona, akaizima injini kama alivyoagizwa. Yunusi akaruka kulikaba gurudumu.

"Mjomba," akaita. "Limebaki moja."

Akaambiwa alichukue. Akalichukua. Chini ya jiwe lile udongo ulikuwa mkavu na umelegea, kama ulivyo mlango wa shimo la panya, ila mpana.

Walifika juu, wakageuza. Kasiani ndiye aliyepewa usukani wa kushuka, Stambuli ubavuni mwake, Yunusi na Dominiko nyuma juu ya magunia, Dominiko amelipakata lile jiwe moja. Lori lilishuka vizuri. Kona ya kwanza vizuri. Ya pili vizuri. Walipoiona ile kona kali, Kasiani akakanyaga breki.

Pedali haikushuka.

Akakanyaga tena, kwa miguu miwili, amesimama. Haikulegea, haikukatika. Ilikuwa ikisukumwa kutoka chini.

"Mlimani," Stambuli alisema. "Gonga mlima."

Kasiani akaukata usukani. Usukani ukakataa, kisha ukazunguka wenyewe kuelekea korongoni, kwa nguvu, na mkono wa Kasiani ulionasa katikati ya vyuma vyake ukavunjika mara mbili. Mfupa ulitoka. Stambuli aliurukia usukani kwa kifua, akavuta breki ya mkono mpaka ikang'oka. Nyuma yao Dominiko alifanya alichofundishwa. Aliruka na jiwe.

Hakuanguka chini. Kitu kilimpokea. Stambuli alimwona akiburutwa kwa shingo, miguu ikipiga udongo, kuingizwa chini ya gurudumu kama mtu anavyosukuma kuni mekoni. Lori likaruka juu kidogo. Likatua. Likaruka tena.

Hapo ndipo usukani ulipolegea, kana kwamba mwenye kuushika ameacha kwa ajili ya kazi nyingine, na lori likajibamiza kwenye ukingo wa mlima. Kioo kikamwagika. Injini ikafa.

Manyunyu. Kisha mlio wa chuma juu ya chuma, mdogo, kama wa mtu anayehesabu funguo.

Kasiani alikuwa bado kitini, anautazama mkono wake. Akafungua mdomo kusema. Shingo yake ikabonyea pande zote kwa mara moja, duara zima, na hakuna kilichoonekana kikiibonyeza. Akanyanyuliwa kupitia mahali pa kioo. Vipande vilivyobaki vilimchana kuanzia kidevu hadi kinena. Alipita juu ya boneti, akavuka barabara akiwa amelala chali, akatoweka ukingoni. Hakusikika akifika chini.

Stambuli alitoka na hendeli ya kuwashia injini mkononi. Akapiga hewa. Akapiga tena. Pigo la tatu lilikutana na kitu, laini kisha kigumu, na hendeli ikarudi na nywele.

Yunusi alikuwa amekwisha kushuka kwenye magunia. Alisimama katikati ya barabara, mikono shingoni, vidole vikihangaika chini ya kitu asichokiona.

Kikavuta. Stambuli akamdaka kiunoni. Akakita visigino kwenye udongo, akavuta kwa nguvu zote za mtu aliyetia kuni kwenye gari moshi miaka minne. Kule nako wakavuta. Walikuwa wengi. Alisikia pumzi zao, za vijana waliochoka. Shingo ya Yunusi ikarefuka. Ngozi ikaanza kupasuka chini ya sikio, na damu ikamtiririkia Stambuli machoni.

"Mjomba," mtoto alikoroma. "Niachie. Unaniua wewe."

Ilikuwa kweli. Kila alivyozidi kumng'ang'ania ndivyo alivyozidi kumnyonga. Na kumwachia ni kuwapa wao.

Hakumwachia. Aliacha kuvuta tu. Akambeba, akakimbia naye kuelekea kulekule alikovutwa, kuelekea korongoni, hatua tatu, nne, kwa kasi kuliko waliokuwa wakivuta. Kwa kitambo kidogo mnyororo ukalegea. Aliusikia ukidondoka matopeni. Akaingiza vidole shingoni mwa mpwa wake, akagusa chuma cha baridi, akakipandisha juu, juu ya kidevu, juu ya uso, kikichuna kila kilipopita, masikio yote mawili yakienda nacho.

Kikatoka.

Kikakaza tena hapohapo, na ndani yake kulikuwa na mkono wa kulia wa Stambuli. Vidole vinne vilikatika kwa pamoja, bila maumivu, kama maganda ya njugu. Yeye na mpwa wake wakaanguka kifudifudi ukingoni, mmoja juu ya mwingine. Stambuli, ambaye hakuwahi kuchungulia, alichungulia.

Walikuwa wamepanga mawe. Kutoka mtoni mpaka hatua moja chini ya uso wake, jiwe juu ya jiwe, ngazi nzuri, imenyooka. Katikati ya ngazi, wakishuka mmojammoja na kuwapa kisogo, kulikuwa na vijana. Alihesabu kumi na moja.

Alimbeba mpwa wake mpaka darajani. Karani aliuliza kama mtihani umekwisha.

Jua lilikuwa halijazama alipofika kwa Chausiku. Hakuingia, alisimama nje ya mlango, damu yake na ya mtoto zimechanganyika mpaka miguuni. Chausiku alimchukua mwanawe, akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasogea kando, kaka yake apite.

Bwana Rademann alitoa barua. Ilisema ajali imetokana na madereva kutozingatia kanuni ya nne, ya tisa na ya ishirini na mbili, na kwamba Kasiani, kwa kuwa mwili wake haukupatikana, ameandikwa mtoro. Lori likavutwa mpaka yadini, likakaa siku tisa kwenye mvua. Siku ya kumi akaletwa fundi Mhindi kutoka karakana ya reli, hajui lolote, hajaambiwa lolote, wakalilaza ubavu ili atazame breki.

Breki zilikuwa nzima. Alizijaribu zote, zikashika. Alichowaitia watu wakione kilikuwa upande wa chini wa pedali, ule usiofikiwa na mguu wa mtu. Chuma kilikuwa kimebonyea mahali patano: kiganja, na vidole vinne vilivyozama kama vinavyozama kwenye ugali, vyembamba, vya mtoto wa miaka kama kumi na tano. Fundi alisema labda ni kasoro ya kiwandani. Akaingiza vidole vyake kupima kina.

Akavitoa haraka, akavifuta. Chuma kilikuwa na joto la mwili.