Ndoo Aliyoiacha Chiriku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia chumba cha kushonea, akamwogesha mdogo wake, kisha akabeba ndoo ya nguo zilizofuliwa hadi kwenye kamba ya kuanikia. Jina hilo la utani alipewa kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Baba alikuwa safarini na lori lake, na tangu mama yake, fundi cherehani, arudi kutoka hospitali, kazi zote zilimwangukia yeye. Hakunung'unika. Mama alikuwa amemwambia kwamba alitolewa uvimbe mbaya tumboni, na kila Chiriku alipomwona akitembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, aliogopa atampoteza. Alijitoa hata kwenye timu ya mbio za kupokezana vijiti ili awahi nyumbani.

Jumamosi moja mteja alifika kuchukua gauni. Alimchungulia mama mlangoni, akacheka, akamwambia Chiriku asijisumbue kuhuzunika. Mama yake hakuwa mgonjwa. Alikwenda kukatwa ngozi ya tumbo iliyolegea baada ya uzazi, apate tena umbo la usichana.

Uso ulimwaka Chiriku. Aliitua ndoo katikati ya ua, akaketi kizingitini, akanuna. Mama alipomwita, alijifanya hasikii. Naye mama, kwa kuona haya kuita mara ya pili, alitoka mwenyewe akainyanyua ndoo. Papo hapo aliguna, akajishika tumbo. Damu ilipenya mkanda mpana aliofungwa hospitalini, ikaonekana kwenye gauni.

Hasira haikumtoka Chiriku, lakini miguu ilimtoka mbio hadi kwa shangazi yake, muuguzi aliyekaa mtaa wa pili. Shangazi alikandamiza kidonda kwa kitambaa safi, akaita teksi. Hospitalini daktari alishona upya pembe ya kidonda iliyofumuka.

Waliporudi, shangazi alimlaza mama, akamwekea mito chini ya magoti. Sauti yake ilikuwa kali.

"Wifi, mtoto ulimwambia nini?"

Mama alivuta shuka, akajifunika uso.

"Nilidhani unakufa," Chiriku alimwambia mama. "Ungesema ni ngozi, mama, ningebeba ndoo ileile. Na mbio ningekimbia."

Mama alilia. Alikiri kwamba aliogopa kuchekwa na binti yake mwenyewe.

"Na kicheko kingekuuma kuliko mshono huu?" shangazi aliuliza. Kisha akaeleza yale yaliyopaswa kusemwa tangu mwanzo: kwamba kwa wiki kadhaa tumbo litavimba na kufa ganzi, mama atachoka upesi na kutembea ameinama, wala asinyanyue kitu kizito, hata mtoto. Homa au usaha ukitokea, ni hospitali moja kwa moja. Akamgeukia Chiriku.

"Mgonjwa aseme ukweli ndipo asaidiwe. Na wewe, ukikasirika, sema. Ndoo haiwezi kukusemea."

Kesho yake asubuhi mama aliita kwa sauti iliyowafikia hata majirani: "Chiriku, mwanangu, siwezi kunyanyua ndoo. Njoo unisaidie."

Chiriku alikuja, uso bado umekunjamana. Aliibeba ndoo, na nguo zote alizianika huku akimweleza mama, neno kwa neno, jinsi alivyokasirika. Mama aliketi kizingitini akamsikiliza mpaka mwisho.