Wimbo Usio na Mwitikiaji

Keneilwe alikuwa msusi, tena msusi hodari, lakini ukitaka kumfurahisha usimsifie mikono. Msifie masikio. Pale mjini Kanye hakuna mpiga gitaa aliyejitungia nyimbo zake, asiye na kampuni wala meneja, ambaye Keneilwe hakumsikia kabla ya watu wengine. Jumamosi akishafunga saluni alikuwa anazunguka na simu yake: kwenye harusi, kwenye vilabu vya pombe ya mtama, nyuma ya kituo cha mabasi. Akimkuta mtu anaimba kitu ambacho hajawahi kukisikia popote, moyo ulimruka. Anaomba ruhusa, anarekodi, na kabla hajafika nyumbani wimbo umeshatua kwenye kundi lao la simu, kundi la wapenda muziki waliojiita Masikio. "Nimempata mimi," ndivyo alivyoandika kila mara, na maneno hayo yalimshibisha kuliko sahani ya nyama.

Mshindani wake alikuwa Ditiro, fundi simu mwenye mdomo usio na breki.

"Dada, umechelewa," Ditiro alimjibu wiki moja kwa ujumbe wa sauti, Keneilwe alipotuma mpiga gitaa mwingine, kundi zima likisikiliza. "Huyo jamaa namjua tangu gitaa lake lilikuwa debe la mafuta. Tuletee mtu mpya, la sivyo rudi ukasuke vichwa!"

Watu walicheka. Keneilwe naye alicheka, lakini maneno yale yalimkaa rohoni.

Nyumbani aliishi na bibi yake, ambaye macho yalikuwa yamezima zamani, na mdogo wake Masego. Masego ndiye aliyepika, ndiye aliyefagia ua kila alfajiri mpaka mchanga ukabaki na mistari ya ufagio, na akifanya kazi aliimba chinichini nyimbo zilizotoka kichwani mwake mwenyewe. Keneilwe hakuwahi kumrekodi hata mara moja. Penye miti hapana wajenzi.

Jumamosi iliyofuata alitoka kutafuta harusi aliyosikia iko upande wa magharibi, mbele ya nyumba za mwisho. Jua lilikuwa kali na njia haikuwa na mtu. Njia hiyo inapita kando ya mahame, kuta za udongo zilizobaki kimo cha goti, ambazo wenyewe walihama zamani na kuwaacha wafu wao chini ya ua. Kila mtoto wa Kanye amekua akiambiwa kwamba kwenye mahame hakutolewi kitu. Si kuni, si jiwe, si tunda la porini.

Hapo ndipo aliposikia gitaa.

"Ko ko!" alibisha, akisimama pale palipokuwa na lango zamani.

Hakuna aliyejibu. Na mtu mwenye adabu, akibisha ko ko asijibiwe, hageuzi ukimya kuwa "karibu". Keneilwe alilijua hilo tangu anatambaa. Lakini gitaa liliendelea, na lilipigwa namna ambayo hajawahi kuisikia. Akaingia.

Mwanamume alikuwa amekaa juu ya ukuta, kofia imeshuka mpaka machoni, mkono wa kushoto ukipita juu ya shingo ya gitaa kama wafanyavyo wapigaji wa kule. Aliimba kwa sauti nzito, ya chini. Anaimba ubeti, ananyamaza kidogo kana kwamba anasubiri kitu, kisha anaendelea. Kila ubeti ulikuwa na pengo lake. Keneilwe alisikia machozi yanamlenga, na huku anafurahi, kwa sababu alijua hakuna mtu duniani aliyeusikia wimbo huu kabla yake.

"Rra, mzee wangu, shikamoo. Naomba niurekodi."

Yule mtu hakuinua uso. "Chukua," alinong'ona. "Ila hauna mwitikiaji."

"Wimbo mtamu hivi, rra? Nitakutafutia mimi mwenyewe."

"Utaniletea?"

"Nitakuletea," alisema Keneilwe, kama shabiki yeyote anavyomwahidi msanii, na akabonyeza simu.

Alipokuwa njiani kurudi ndipo alipokumbuka kwamba hakumuuliza jina. Akakumbuka na jambo jingine. Alijaribu kuziona tena kichwani nyuzi za lile gitaa, na hakuona hata moja.

Hakulipa uzito. Wimbo ulipofika kwenye kundi, wote walilipuka. Hata Ditiro alikubali yaishe. "Dada, nakuvulia kofia. Huyu umempata wapi?" Keneilwe alikaa uani akiurudia wimbo mara baada ya mara, tabasamu limemjaa uso. Masego alikuwa anaosha masufuria. Wimbo ulipofika kwenye pengo moja, Masego aliitikia.

Hakuwa amefundishwa. Aliitikia tu, mikono ikiwa majini, na sauti yake ililijaza pengo lile mpaka pembeni. Bibi aliinua kichwa chake kisichoona na akageukia upande ule.

"Nyamaza bwana!" alifoka Keneilwe. "Unaniharibia wimbo."

Masego alinyamaza.

Asubuhi hakumsalimia mtu. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Alijaribu tena, akashika koo, akamtazama dada yake kwa macho ya mtoto aliyepotea sokoni. Muuguzi wa zahanati alimmulika akasema koo ni zima, wampe muda. Keneilwe alijiambia ni mafua. Mpaka ulipoingia ujumbe wa Ditiro.

"Lakini dada una siri. Huyo mwanamke anayeitikia ni nani? Huyo ndiye mwimbaji hasa."

"Mwanamke gani?"

"Acha utani. Yumo mwanzo mpaka mwisho."

Keneilwe aliuwasha wimbo. Ubeti wa kwanza, kisha pengo. Ndani ya pengo alikuwamo Masego. Na kwenye la pili. Na kwenye yote. Nyuma yake sufuria ilianguka. Masego alikuwa amesimama mlangoni, anajisikiliza.

Bibi aliwaita ndani. "Wimbo huo umeutoa wapi?"

Keneilwe alieleza. Alipofika kwenye neno mahame, bibi alimshika mkono.

"Umetoa kitu kule."

"Ni wimbo tu, Bibi. Si jiwe wala kuni."

"Ukaingia hujajibiwa. Ukaahidi." Sauti ya bibi ilishuka ikawa mnong'ono. "Kilichotolewa hurudishwa chote. Nenda na mdogo wako, jua likiwa juu. Bisha, msiingie. Ufute hapo langoni usibaki popote, kisha mrudi bila kugeuka."

Keneilwe aliwaomba Masikio wote waufute. Walimdhihaki kwamba anataka kujifungia na msanii chumbani. Jioni Ditiro alimpigia, na safari hii hakuwa na utani.

"Dada, kwangu haupo. Sikuufuta, lakini haupo. Nimewauliza wenzangu, na kwao vilevile. Wewe unao?"

Alikuwa nao.

Alipokata simu alianza kupekua. Alitaka kitu kingine chenye sauti ya Masego, chochote, kicheko, salamu, cha kumbakiza. Simu ilikuwa imejaa waimbaji, wengine amesahau hata sura zao. Alifungua harusi ya binamu, sikukuu ya kuzaliwa ya bibi, Krismasi kanisani. Kila mahali Masego ndiye aliyekuwa ameishika simu akiwarekodi wengine, na hakusema neno. Sauti ya mdogo wake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu. Keneilwe alilia mpaka akatapika.

Kesho yake walisimama langoni pa mahame, kivuli kimelala miguuni pao.

"Ko ko!"

Hata panzi hawakulia.

"Ko ko!"

"Tsena!"

Aliyewaambia waingie alikuwa ndani, nyuma ya ukuta. Alikuwa Masego. Lakini Masego alikuwa hapa, kando yake, midomo imebana, kucha zimezama katika mkono wa dada yake.

Keneilwe alitoa simu. Kidole kikakaa juu ya neno la kufuta. Je, nikifuta na sauti isirudi? Nitakuwa nimeiua kwa mkono wangu. Masego alimtazama, amemwamini kabisa, kama alivyomwamini siku zote.

Keneilwe alizima simu akaitia kifuani. "Nimefuta," alisema.

Walirudi bila kugeuka.

Sauti haikurudi. Bibi aliuliza kila siku, "Ulifuta?" na kila siku alijibiwa, "Nilifuta, Bibi." Bibi akaanza kuomba kwa Mungu, kila alfajiri, kwamba asife kabla hajaisikia tena sauti ya mjukuu wake.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Masego alikuwa amemaliza kufagia ua. Yeye na dada yake walikaa karibu na moto wakichambua mboga, bibi yuko chumbani mwake. Hakukuwa na mtu langoni. Keneilwe alikuwa analitazama lango wakati sauti inatoka pale.

"Ko ko!"

Mboga zilimwagika mapajani mwa Masego. Keneilwe aliinuka apige kelele. Alichelewa.

"Masego!" Bibi alilia kwa furaha kutoka ndani. "Sauti imerudi! Tsena, mwanangu! Tsena!"

Pazia la mlango wa bibi lilisogea, halafu likatulia. Juu ya mchanga uliofagiwa, kutoka langoni mpaka mlangoni, zilikuwako nyayo za miguu mitupu. Walimkuta bibi amekaa kitandani peke yake, anatabasamu.

Tangu siku hiyo bibi alinawiri. Alikula vizuri. Alisema Masego anamwimbia mpaka anapitiwa na usingizi, na kuna mzee mmoja wa heshima anayempigia gitaa. Keneilwe, akiogopa kukiri kwamba hakufuta, alimsihi ahamie chumba kingine bila kusema kwa nini. Bibi alimuuliza kama amemwonea wivu mdogo wake. Na kila alfajiri Masego alifagia, na kila jua lilipochomoza nyayo zilikuwapo. Zilikuwa zinaingia tu.

Usiku mmoja walimsikia bibi akicheka. Kisha, kwa sauti yake ya kizee, akaitikia.

Asubuhi hakumsalimia mtu. Alikuwa amekaa kitandani akifungua na kufunga mdomo, na machozi yanamtiririka.

Keneilwe alitoka uani akaitoa simu kifuani. Safari hii kidole hakikusita. Alifuta. Wimbo ukabaki. Alifuta tena na tena, akaizima simu kabisa, akatoa betri, akaiweka mchangani. Kioo kikiwa cheusi, gitaa likaanza.

Ubeti wa kwanza, na Masego akaitikia humo ndani. Ubeti wa pili, na bibi akaitikia. Kisha ukaja ubeti ambao Keneilwe hakuwahi kuusikia, mpya kabisa, mtamu kupita yote aliyowahi kuokota maishani mwake. Ukafika kwenye pengo lake. Pengo lilikuwa wazi, linasubiri. Alisikia koo lake linajaa, midomo inafunguka yenyewe.

Mkono wenye harufu ya moshi na mboga ulimziba mdomo kwa nguvu. Alikuwa Masego, amepiga magoti nyuma yake, anatikisa kichwa, hapana, hapana. Walibaki hivyo, wameshikana katikati ya ua uliofagiwa, na pengo lile halikwisha.