Seva ya Nne

Jumatatu asubuhi Elimringi alifungua ukurasa wa kusimamia seva, akakuta vidoti vinne vya kijani. Vilipaswa kuwa vitatu. Seva moja ilikuwa hapo hapo ofisini Kaloleni, ya pili kwenye zahanati ya Sokon I, ya tatu kwenye zahanati moja ya mtu binafsi kule Olmotonyi, na zote zilitunza nakala ileile ya mafaili ya wagonjwa. Ya nne hakuna aliyeinunua.

"Abdiel, umeongeza seva?" alimwuliza mwenzake wa meza ya pili.

"Nitoe wapi seva mimi?"

Akabofya kile kidoti. Jina: Sinyati. Mahali: Olmotonyi. Hali: hai. Elimringi akafunga kompyuta upesi kama mtu aliyefumaniwa, na hapo akasikia harufu ya kibuyu cha maziwa kilichotoka kufukizwa moshi. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Alimjua Sinyati ni nani. Ilikuwa mwaka 2013, zahanati za watu binafsi zimeota kila kona tangu serikali iziruhusu tena, na kampuni iliyomwajiri Elimringi ilizitunzia kumbukumbu. Kilichoandikwa Sokon kilionekana Olmotonyi baada ya muda, mradi mtu awe na subira. Alhamisi moja ya mwezi Juni alitaka kuitoa seva ya Olmotonyi kwenye kundi ili aifanyie matengenezo. Ukurasa ukamwonya: bado inapokea nakala, subiri. Lakini saa kumi na moja kulikuwa na kikao cha sendofu, sherehe ya kumuaga binamu yake anayeolewa, na yeye ndiye katibu wa kamati. Akabofya Endelea, akachukua koti.

Siku hiyohiyo, kule Sokon, binti wa miaka kumi na tisa aitwaye Sinyati alikuwa amevimba uso baada ya kuchomwa penisilini, na daktari akaandika kwenye faili lake kwamba asichomwe tena kamwe. Maneno hayo hayakufika Olmotonyi. Ijumaa akarudi nyumbani kwao Olmotonyi, kifua kikamzidi asiweze hata kusema, nesi wa zahanati akafungua faili, hakuona onyo lolote, akamchoma. Alikata roho kabla nesi hajavua glavu.

Angekiri siku ile, lingekuwa kosa kama makosa mengine. Alichofanya baadaye ndicho kinachonichefua: alilifuta faili lote kwenye seva zote tatu, ili mtu asijue kwamba onyo liliwahi kuandikwa. Nesi akafukuzwa kazi.

Wiki mbili baadaye alikuja baba wa binti, mzee Parsimei, mfugaji. Kwao jina la marehemu halitamkwi, na Elimringi aliyekulia Arusha alilijua hilo tangu utotoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka faili la mtoto wangu, yule aliyetutoka. Aliniambia daktari wa Sokon aliandika asichomwe ile sindano. Nione kwa macho yangu."

"Jina lake nani?"

Mzee alitazama sakafu. "Unajua siwezi."

"Bila jina nitamtafutaje, mzee wangu?" Elimringi alisema kwa upole kabisa. Mzee akaokota fimbo yake, akaenda zake.

Sasa jina lilikuwa limejileta lenyewe. Jumanne Elimringi aliiondoa ile seva ya nne, ukurasa ukathibitisha kwamba imeondolewa. Kufikia mchana zilikuwa zimerudi mbili, zote zinaitwa Sinyati, na pale panapokaa maonyo paliandikwa: Mwambie baba. Nyuma ya kiti chake shanga zikagongana, kidogo tu, kama mtu anayegeuza shingo.

Abdiel alikuja kutazama. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Kaka, seva zikitofautiana zinapiga kura. Upande wenye nyingi ndio unaoaminika. Zako tatu, zake mbili. Ukifuta tena zikarudi nne, atakachoandika yeye ndicho kitakuwa kweli. Usiguse."

"Ni virusi tu."

"Virusi vinanuka moshi?"

Jumatano mchana Elimringi akamleta Mama Anaeli, kiongozi wa maombi kanisani kwao. Mama aliweka kiganja juu ya skrini, akakitoa haraka, akajifuta kwenye kitenge.

"Lingekuwa jini ningelikemea," alinong'ona. "Majini nimeyatoa hapahapa Kaloleni. Huyu ni mtu, mwanangu, na ana haki yake kwako. Nenda kwa baba yake leo."

"Nitafungwa, mama."

"Utafungwa, na siku moja utatoka."

Hakwenda. Alhamisi, saa kumi na moja kasoro, saa ileile aliyobofya Endelea, Abdiel akiwa ametoka kununua chai, Elimringi aliketi peke yake jua likiwaka dirishani, akaziondoa seva zote mbili kwa mkupuo, na kabla hajatoa kidole kwenye kitufe harufu ya moshi ikamjaa puani na kooni mpaka akakohoa, shanga zikalia kushoto kwake na kulia kwake, na vidoti vikawaka kimoja baada ya kingine, cha nne, cha tano, cha sita, cha saba, kisha ukurasa mzima ukafutika ukabaki mstari mmoja: Elimringi Lyatuu. Hali: amefariki. Imekubaliwa, nne kwa tatu.

Abdiel aliingia na vikombe viwili. Akasimama.

"Karibu," alisema. "Nikusaidie nini?"

"Abdiel, ni mimi." Akafungua kinywa alitaje jina lake. Halikutoka.

Alikodi pikipiki mpaka Olmotonyi, akilia njia nzima. Mzee Parsimei alikuwa zizini akifunga ndama. Elimringi akapiga magoti kwenye samadi, akasema yote: onyo, kikao, sindano, faili. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kamba ya ndama mkononi.

"Na wewe ni nani?" aliuliza. "Niambie jina lako, nikalitaje polisi."

Elimringi akajaribu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka, ulimi umelala. Nyuma yake shanga zikagongana. Mzee Parsimei akainua macho, akatazama juu ya bega la mgeni wake kwa muda mrefu, machozi yakamshuka, akaitikia kwa kichwa alichoambiwa na aliyesimama pale nyuma.

"Usijilazimishe, kijana," alisema, kwa upole kabisa. "Kwetu jina la marehemu halitamkwi."