Habari za Fundi Cherehani

Kila jioni, akishaosha vyombo, Chiriku alijifungia katika chumba cha mwisho cha nyumba ya bibi yake. Walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Chumba kilikuwa kitupu, naye alisomea humo peke yake, maana kwingine kote walilala wamebanana.

Siku moja akaja fundi cherehani, mjane mwenye watoto wawili, kuomba kupanga chumba hicho.

"Mpangaji aliyepita alihama na kodi yangu, akabeba hadi balbu," bibi alisema fundi alipoondoka. "Mjukuu wangu, miguu yangu ndiyo hii. Nenda kwa mwenye nyumba wake, umuulize huyu analipaje."

Chiriku alimkuta yule mama mwenye nyumba akianika nguo. "Mumewe alipougua, alikaa miezi mitatu bila kulipa," mama yule alisema. "Baada ya msiba akalipa yote, wala sikumsukuma. Anahama kwa vile naibomoa nyumba tu."

Njiani Chiriku alikifikiria chumba chake.

"Bibi, kasema alikaa miezi mitatu bila kulipa."

"Basi?"

"Basi."

Fundi aliporudi, bibi alimwambia, "Samahani mwanangu, sitaweza." Fundi aliinama akamfunga mwanawe kamba ya kiatu, ingawa ilikuwa imefungwa.

Wiki iliyofuata bibi alikutana kwenye duka la jirani na yule mama mwenye nyumba. "Fundi wangu hajambo huko kwako?" mama akauliza, na yote yakajulikana. Bibi alirudi nyumbani bila kugomba.

"Vaa viatu, unishike mkono. Twende tukamtafute."

Waliulizia hadi wakamkuta kwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko, amekaa kitandani na watoto. Cherehani haikuwepo.

"Nimeiuza, mama. Hapa wanataka pesa kila siku."

"Chumba ni chako kuanzia leo," bibi alisema. "Kodi utalipa ukishapata kazi."

Chiriku alibeba godoro. Fundi alipoingia chumbani, alisimama dirishani. "Mwanga mzuri wa kushonea," alisema.

Nje, Chiriku alilia. "Lakini bibi, sikudanganya."

"Hukudanganya. Uliyosema yalikuwa kweli, ndiyo maana niliyaamini." Bibi alimfuta machozi kwa kiganja. "Ukitumwa kuuliza habari za mtu, zilete zote. Wewe uliniletea shida yake, ukaiacha heshima yake njiani. Chumba nimempa. Cherehani yake siwezi kuirudisha."