Salamu Ambazo Hazikutumwa

Kila Jumamosi, kabla jua halijachoma mabati, Chiriku alifagia baraza la mama yake. Aliokota pini chini ya cherehani, akakusanya vipande vya kitambaa kikapuni, akajaza ndoo maji. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na baraza hilo lililotazama njia ndilo lililowalisha. Jina la Chiriku alibandikwa na majirani angali mdogo, kwa kuwa alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo mdomo wake haukuwahi kwenda likizo.

"Mama, skafu yangu umeikata?"

"Mtoto hajazaliwa, wewe unataka mbeleko?" mama alijibu bila kuinua macho. "Ngoja kwanza ufuzu."

Lakini alikwisha kuikata. Chiriku aliiona ndani ya droo ya cherehani, ya buluu, imekunjwa pamoja na nyingine. Zilikuwa skafu za viongozi wapya wa watoto kanisani, na mama ndiye aliyepewa kazi ya kuzishona. Chiriku alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hapa duniani hakutamani kitu kama kusimama mbele ya watu, kitambaa kile kikiwa shingoni mwake.

Kanisa lao lilikuwa la mabati juu na mbao ubavuni, limekaa pale mtaa unapoanza kuteremkia bondeni. Humo ndimo walimofundishwa na mama mmoja mwenye sauti nzito waliyemwita Mlezi. Alikuwa ametumwa na makanisa kuzunguka mitaa ya watu wasio na kitu, akiwafundisha vijana kuwaongoza watoto wenzao.

"Mimi sikuja kukaa," aliwaambia siku ya kwanza. "Nimekuja kuwafundisha wa kukaa. Mimi nitaondoka, lakini ninyi ndio wa hapa. Ninyi ndio mnaojua nani amelala njaa na nani analia nyumba ya pili. Kuongoza si kushika kipaza sauti."

"Mlezi, hata hicho kipaza sauti chenyewe hatuna," alisema mvulana mmoja mrefu waliyemwita Twiga, na darasa zima likacheka, Mlezi pia.

Kila mwanafunzi alipewa kikundi cha watoto wa kuwaangalia. Sheria ilikuwa moja: mtoto asipokuja, mfuate kwao. "Ukikuta homa, kidonda au njaa, usiombe tu halafu ukajiondokea," Mlezi alisema. "Omba, kisha uje uniambie. Muuguzi wetu yupo, atashuka." Muuguzi huyo alifanya kazi zahanati, na kila Jumapili alikaa benchi la nyuma karibu na mlango.

Basi kila Jumapili, kabla ya nyimbo, viongozi wale wadogo walisimama kuleta habari za wasiokuwepo. Maneno yalikuwa yale yale. Kiongozi husema, "Fulani hajambo, anawasalimu." Na kanisa zima huitikia, "Tumepokea!"

Katika kikundi cha Chiriku alikuwemo msichana mmoja wa miaka kumi, mdogo wa mwili na mkali wa ulimi. Ndiyo maana walimwita Kipilipili. Kwao kulikuwa bondeni kabisa, ng'ambo ya mtaro wa maji machafu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeanza kutoa usaha, na usaha ule ulinuka. Watoto wakaziba pua, wakamhama benchi. Kipilipili hakusema neno, yeye aliyekuwa na jibu kwa kila mtu. Jumapili iliyofuata hakuja.

Chiriku alitoka kumfuata. Mvua ilikuwa imenyesha, na mtaro ulikuwa umefura. Akafika kwenye ubao wa kuvukia, akautazama utelezi, akatazama viatu vyake alivyovipiga rangi asubuhi ile. Akakumbuka na ile harufu. Nitakwenda kesho, akajiambia. Kesho ni jina zuri sana la siku isiyofika.

Jumapili ikaja, naye hajaenda. Viongozi wakasimama mmoja mmoja na salamu zao, hadi zamu ikamfikia. Wote wakamgeukia. Ulimi hauna mfupa, jamani.

"Kipilipili hajambo," Chiriku alisema. "Anawasalimu."

"Tumepokea!"

"Na sikio lake?" Mlezi akauliza.

"Linapona, Mlezi. Limeanza kukauka."

Nyuma kule muuguzi akashusha pumzi. "Bwana asifiwe. Nilitaka nishuke kwake leo hii. Basi nitampitia yule babu mwenye kifua."

Chiriku akaketi. Hakuna lililotokea. Mabati hayakuanguka, wala hakuna aliyemnyooshea kidole. Wiki iliyofuata haikuwa vigumu tena. Uongo ni kama mtoto mchanga, ukishamzaa huna budi kumlisha. Akaulisha wake ukanenepa: Kipilipili anacheka siku hizi, Kipilipili ameupenda ule wimbo mpya, Kipilipili anawasalimu sana. Mlezi akamsifu kwa habari zilizojaa. Ilikwisha kujulikana kwamba siku ya kuvikwa skafu, atakayezungumza na wageni ni Chiriku.

Alasiri moja alikuwa barazani akishona vifungo, akifanya mazoezi ya hotuba yake chinichini, mama wa Kipilipili alipofika na shuka lililochanika. Mama huyo alifulia watu nguo. Hutoka alfajiri, hurudi giza likiingia.

"Fundi, niokoe na hili shuka, mwenyewe analidai kesho." Kisha akaketi kwenye ngazi, akajifuta mikono iliyochubuka kwa sabuni. "Na kanisani kwenu hamjambo? Maana mwanangu mmemtupa kama ganda la muwa."

Mama akasimamisha cherehani. "Tumemtupa vipi, dada? Si binti yangu huja kwenu kila wiki?"

"Binti yako yupi?"

"Kwani ninao wangapi? Huyu hapa."

Mfuaji akamtazama Chiriku, akatikisa kichwa. "Tangu mwanangu aanze kuugua sijaona hata kivuli cha mtu wa kanisa. Siku mbili hizi kichwa hakiinuki, anaungua homa. Namtia mafuta ya moto sikioni kama nilivyoambiwa, lakini wapi."

"Chiriku," mama aliita.

Siku hiyo ndipo mdomo ule ulipokwenda likizo.

Mama hakumpiga wala hakupaza sauti. Alifunika cherehani, akamshika mkono, wakateremka nyuma ya mfuaji. Ubao wa mtaro waliuvuka bila kuutazama. Chumbani, Kipilipili alikuwa amelala mkekani, uso umemvimba. Nyuma ya sikio kulikuwa na uvimbe mwekundu uliolisukuma sikio mbele. Chiriku alipoinama alisikia harufu ile ile aliyoikimbia, ila sasa ilikuwa imejaa chumba kizima. Mama akamtuma kwa muuguzi, naye akakimbia kama aliyefukuzwa na nyuki.

Muuguzi alikuja. Alipoiona chupa ya mafuta kando ya mkeka akafumba macho kidogo. "Dada yangu, sikio si kikaango. Usaha unataka kukaushwa kwa kitambaa safi, na dawa ya zahanati. Mafuta yanachoma tu." Kisha akapapasa ule uvimbe, na sauti yake ikabadilika. "Abebwe sasa hivi. Hospitali kubwa."

Walimpasua siku hiyo hiyo. Homa ikashuka, usaha ukakoma, na mtoto akaokoka. Sikio halikuokoka. Daktari alisema ugonjwa ulikwisha kula ndani, na kwa upande ule Kipilipili hatasikia tena.

Muuguzi ndiye aliyeleta habari hizo barazani. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, akimtazama Chiriku, "Jumapili ile nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu vya kushukia bondeni." Akainuka, akaenda zake. Chiriku angepewa bakora hadi jioni angeumia kidogo kuliko hivyo.

Jumamosi alisimama mbele ya Mlezi na wenzake, akasema yote, tangu viatu hadi wimbo mpya. Hakuna aliyecheka. Watoto wa njiani ndio walioanza kumtania. "Haya, Radio Mbao inapita! Tupe habari, Radio Mbao!" Alipomwambia Twiga kwamba mwalimu wa shule anamwita, Twiga akauliza, "Kweli, au anawasalimu tu?" Kisha akaona haya, akaenda. Lakini neno lilikwisha kutoka.

Siku ya skafu ilifika. Wenzake walivikwa mmoja mmoja, na Twiga ndiye aliyezungumza na wageni, akikwama kila baada ya maneno machache. Skafu ya Chiriku ilibaki ndani ya droo ya cherehani. Baada ya ibada Mlezi akamwita kando.

"Umekasirika?"

"Hapana, Mlezi."

"Unasema kweli?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Nimeumia."

"Sawa. Hilo naliamini. Sasa nisikilize. Nimekuondolea kitambaa, sikukuondolea mtu. Kipilipili bado yumo katika kikundi chako. Mfuate kwao."

Safari hii alikwenda. Kipilipili alikuwa ameketi kizingitini, bendeji imemzunguka kichwa, akichambua dagaa kwenye sinia. Chiriku alibisha hodi mara ya kwanza na ya pili, bila kujibiwa. Akasogea, na kivuli chake kikaangukia sinia.

"Ulikuwa upande uliokufa," Kipilipili alisema bila kugeuka. "Zunguka."

Akazunguka. "Nimekuja kukuomba msamaha."

"Nimesikia. Hili moja bado linafanya kazi." Akatupa kichwa cha dagaa kwa paka. "Naambiwa ulikuwa ukipeleka salamu zangu. Niliwasalimu vipi?"

"Nilisema... unawasalimu sana."

"Na wimbo niliupenda?"

Chiriku alitazama sinia. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Usinililie hapa, dagaa watachacha," Kipilipili alisema. "Mimi nilikuwa nimelala humo ndani. Upepo ukivuma huku, nyimbo zenu zinafika mpaka mkekani. Kila Jumapili nilisema, wakimaliza kuimba atakuja mtu. Nilikuwa nawasikia kwa masikio yote mawili."

Paka alikula akamaliza, akaondoka. Chiriku alijifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Jumapili wataniuliza habari zako. Niseme nini?"

"Sema ninalokuambia mimi, si unalotaka wewe. Waambie siwasalimu."

Jumapili ilipofika, Chiriku alilibeba neno hilo tangu alfajiri kama mtu aliyefunga jiwe kwenye kanga. Angeweza kulilainisha kidogo. Angeweza kusema mtoto bado amechoka, au amelala. Nani angejua? Viongozi wenye skafu za buluu walisimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na salamu zake, na kanisa likaitikia. Mwisho akasimama yeye, shingo tupu.

"Nilikwenda kwa Kipilipili," alisema. "Kidonda kinapona. Sikio la kushoto halisikii, wala halitasikia tena. Nilimwomba msamaha, hajanipa. Amesema hawasalimu."

Waliozoea kuitikia walifungua midomo wakaifunga. Watoto waliokuwa wameziba pua wakati ule walitazama chini. Mama yake, aliyeketi benchi la kati, alifunika uso kwa kitambaa.

Ndipo Mlezi akainuka mbele, peke yake.

"Tumepokea," alisema.

Kisha akawageukia watu wote. "Wanangu, juma lijalo naondoka, kwa hiyo shikeni hili. Salamu si pambo la kufungulia ibada. Salamu ni macho ya wale wasioweza kushuka bondeni. Ukisema mtu hajambo nawe hukumwona, umetufumba macho wote, na mgonjwa anabaki gizani akingoja. Aliyeumia hapa ni mtoto, na hatuwezi kumrudishia alichopoteza. Uongo mdogo haupo. Kuna uongo ambao bado haujakutana na mgonjwa, basi. Nanyi mlioziba pua, mjue ndinyi mliomfukuza. Chiriku leo ametuletea salamu chungu, lakini za kweli. Mtu wa namna hiyo, siku moja, watu watamwamini tena. Siyo leo."

Skafu haikutolewa kwenye droo siku hiyo, wala mwezi huo.

Jumapili ile ile, jua likiwa bado utosini, Chiriku alishuka tena bondeni. Twiga alimfuata, na nyuma ya Twiga wale watoto wa benchi, wakisukumana na kunong'onezana nani atangulie kuingia. Chiriku aliwazuia penye kizingiti kwa mkono. Kupitia mlango ulio wazi alimwona Kipilipili ameketi mkekani. Akazunguka kwanza, akasimama upande wa sikio linalosikia, ndipo akabisha hodi.

"Viatu vyenu vivueni nje," sauti ya Kipilipili ikajibu. "Mama amekwisha kupiga deki."