Mfereji Ulioanzia Pande Mbili

Kila asubuhi Rula alimsindikiza mdogo wake bombani. Wazazi hawakumpa jina hilo. Wenzake walimwita hivyo kwa kuwa hakuachana na rula yake, hata uwanjani. Mdogo wake wa darasa la tatu alibeba dumu la maji ya shule, na karibu kila siku alikosa somo la kwanza.

"Dada, tutaacha lini kuteka?" aliuliza siku moja, akihamishia dumu mkono wa pili.

"Mvua ya kwanza ikinyesha," Rula alimwahidi.

Hakusema ili kumfurahisha tu. Darasa la saba lilikuwa limeunda kampuni yao ndogo, na kazi ya kwanza ilikuwa kufunga mfereji wa bati chini ya ukingo wa paa, upeleke maji ya mvua kwenye tangi. Mwalimu mkuu aliwapa vifaa na wiki mbili. Wakishindwa, vifaa vingeenda kukarabati stoo, na watoto wa darasa la tatu wangeendelea na madumu yao.

Tabu ni kwamba kampuni ilikuwa na wakubwa wawili. Rula alikuwa mwenyekiti. Msimamizi wa kazi alikuwa mvulana aliyeitwa Spika, maana hata akinong'ona, jikoni wanasikia. Rula alitaka wapime kwa rula kutoka ukingo wa paa. Spika alitaka watumie pima maji ya mjomba wake, kifaa cha waashi cha kuonyesha usawa. Walibishana siku nne bila kupigilia hata msumari mmoja. Mwishowe kila mmoja akachukua kundi lake: Rula akaanzia kushoto, Spika akaanzia kulia, kwenye tangi. Kundi la Rula likihitaji ngazi, kundi la Spika lilikuwa limeikalia.

Siku ya kumi na moja wakafika katikati. Upande wa Rula ulikuwa chini ya ule wa Spika kwa shubiri nzima. Kila mmoja alimwambia mwenzake abomoe wake, na hakuna aliyekubali. Wakaziba pengo kwa kipande cha bati, wakamwita mwalimu mkuu aje kuona. Rula akamimina ndoo ya maji. Maji yakakimbia hadi katikati, yakagoma kupanda, yakamwagika yote kwenye koti la mwalimu mkuu.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta taratibu. "Mmebakiwa na siku tatu," alisema, akaondoka.

Nyumbani Rula alimweleza shangazi yake makosa yote ya Spika, moja baada ya jingine. Shangazi, aliyekuwa msimamizi katika kampuni ya ujenzi, alimsikiliza huku akifungua kamba za buti zake.

"Sisi tuliwahi kunyang'anywa kazi ya zahanati," alisema. "Mafundi walikuwepo, saruji ilikuwepo. Lakini wakubwa wawili waligombania kutoa amri. Huyu akisema chimbeni, yule anasema fukieni. Mpaka leo wagonjwa wa kule wanatembea mbali." Kisha akauliza, "Hiyo pima maji ya mwenzako inasemaje kuhusu paa lenu?"

Rula aliitazama rula yake. Hakuwahi kuuliza. Uani alimsikia mdogo wake akisuuza dumu la kesho, na roho ikamuuma.

Asubuhi alimfuata Spika. "Niazime pima maji. Kama nimekosea, nitabomoa upande wangu."

Spika alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, lakini akaenda kuileta. Wakapima pamoja. Kumbe paa lenyewe lilikuwa limebonyea katikati, na rula ya Rula ilikuwa imelifuata kwa uaminifu wote. Rula aliona aibu. Spika naye akamimina kikombe cha maji upande wake. Mfereji ulikuwa sawasawa mno, maji yakatulia tuli kama ya beseni.

"Na mimi nimekosea," alisema Spika, na kwa mara ya kwanza alinong'ona kweli.

Wakabomoa kila kitu. Spika alitafuta usawa kwa pima maji, na Rula kwa rula yake akashusha mfereji sentimita moja kila mita kuelekea kwenye tangi. Ngazi haikuwa tena na mwenyewe. Siku ya tatu msumari wa mwisho ukaingia.

Mvua ilinyesha Alhamisi, katikati ya hisabati. Darasa zima lilikimbilia madirishani. Maji yalipita kushoto, yakapita katikati, yakaanza kunguruma ndani ya tangi. Rula alilia kwa furaha mbele ya watu wote wala hakujali.

Kesho yake mdogo wake alikuja na dumu kwa mazoea. Rula na Spika walianza kubishana nani afungue koki, wakatazamana, wakacheka, wakamwachia yeye. Alijaza dumu lake, na kengele ilipolia alikuwa ameshakaa kwenye dawati.

Mwalimu mkuu alisimama mstarini akiwa na koti lilelile. "Mabati ni yaleyale, na akili ni zilezile," alisema. "Mwanzoni mlishindwa kwa sababu kila mmoja alitaka kuwa mkubwa. Mmefaulu mlipokubali kusikilizana. Likumbukeni hilo katika kila kazi mtakayofanya na wenzenu. Sasa nina kazi nyingine: paa la ofisi yangu linavuja. Msimamizi, mtaanzia upande gani?"

Spika akajibu, na shule nzima ikasikia, "Ngoja kwanza nimuulize mwenyekiti."